Mama Victorine na Hoteli Yake ku Kiwanja cha Ndege

Mama Kahindo Victorine alizaliwa Musienene, tarehe 12 mwezi wa tatu 1958, kwa Papa Kambere, mulimaji wa maharagi, na Mama Julie. Alimaliza masomo ya primaire kulekule, kisha akajifunza kushona.

Mwaka wa 1979 aliolewa na Papa Mumbere Ézéchias, maçon, mujengaji wa nyumba. Bakahamia Beni, na mu 1992 bakafungua hoteli pembeni ya kiwanja cha ndege cha Mavivi. Eh, hoteli gani ile! Godoro za majani, maji ya baridi, bati lenye kuvuja. Bageni balilala pale kwa kukosa namna tu, wakati mvua ilizuia ndege. Asubuhi balikimbia bila hata kuaga, na ile ilimuuma Mama sana. "Ézéchias," alisema, "miye nataka siku moja mutu alale hapa kwa kupenda yeye mwenyewe."

Siku moja Pasta Salomon, mwenye alikwama pale, alimusikia Mama anaomba mvua. Akakasirika: "Mama, unaomba mvua ndege isikuje, weye upate bageni?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Hapana, Pasta! Naombea maharagi yangu ya Musienene!" Mpaka leo kanisa linaichekea ile mambo.

Kisha hoteli za kisasa zikajengwa, zenye groupe ya umeme, télévision na maji ya moto. Bageni bote bakahamia kule. Batoto bakamuambia, "Mama, funga tu." Akakataa katakata. Akashona mashuka mapya, Papa akabadilisha bati, na kila mugeni alikaribishwa jikoni, kula maharagi na biazi na kuelezea habari za safari. Polepole batu bakaanza kurudi.

Mwaka wa 2023 moyo ulianza kumusumbua. Alitunzwa Butembo, akatutoka tarehe 9 mwezi wa munane 2024, Papa anamushika mukono. Neno lake la mwisho: "Kuko mugeni ku hoteli?"

Mama, sikia basi. Jana ndege ilifika saa yake, jua linawaka, na hoteli kubwa zilikuwa na nafasi. Lakini bote benye balikuja kukulilia baliuliza njia ya kwako.

Mama anaacha Papa Ézéchias, batoto Delphin, Jemima na Solange, na bajukuu saba. Bote jana balilala chini jikoni, kwa sababu byumba byote bilijaa bageni.

Leo mugeni ni weye, Mama. Bwana akupokee, ulale muzuri.