Maswali Yasiyo na Majibu ya Mzee Mutahi

Wasikilizaji wapendwa, kutoka Kerugoya hadi Nanyuki, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Mutahi wa Gatitu, aliyezikwa Jumamosi. Mutahi, mtu wa mashine ya kumenya kahawa.

Mwaka wa 1968 alinunua kitabu kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa akihama Nanyuki. Kitabu cha chembe zilizo ndogo kuliko atomu. Dibaji ikamvunja moyo: msomaji sharti ajue kwanza aljebra, kalkulasi, vekta, na sheria za mwendo na umeme. Naye aliishia darasa la nne, shule zilipofungwa wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni. Mwingine angefungia sukari kwa kurasa hizo. Mutahi alirudi nyuma, akaanza na sehemu na desimali.

Vitabu vya hesabu alivyotumia vilikuwa na majibu mwishoni, lakini ya swali la kwanza, la tatu, la tano. La pili na la nne, hakuna. Miaka ilipopita, hayo alimpelekea bintiye Murugi, aliyekuwa amefika kidato cha tatu, ayasahihishe kwa kalamu nyekundu. Majirani walicheka. Yeye hakujali.

Kisha Murugi akafeli hesabu katika mtihani wa kidato cha nne. Siku ileile matokeo yalipotoka, baba, asiyejua kwamba amefeli, akaja na daftari.

"Nilimwambia, Baba, wewe ni mtu wa mashine ya kahawa, tafuta mtu mwingine," Murugi asimulia. "Akasema tu, sawa, maitu."

Ndivyo alivyomwita, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa Murugi ana jina la mama yake Mutahi.

Miaka kumi na moja hakumletea daftari tena. Murugi aliolewa hapo Ruring'u. Walitembeleana, wakala pamoja, na hesabu haikutajwa. Inauma, wasikilizaji.

Baada ya mazishi, mama yake, Wacera, alimfungulia sanduku la marehemu. Madaftari thelathini na saba. Maswali yenye majibu yamepigwa tiki. La pili, la nne, la sita, yote yamefanywa, hayana alama.

"Alikuwa anasema hawezi kufungua ile kitabu ya chembe kabla hajasahihishwa," Wacera alimwambia.

Murugi amenunua kalamu nyekundu. Daftari la kwanza amelimaliza.

"Ako sawa," anasema. "Swali baada ya swali, ako sawa. Lakini kalkulasi mimi sijui. Itabidi nianze nyuma, kama yeye."

Mama Wacera, Murugi, na jamaa wote wa Gatitu, poleni sana. Nawe msikilizaji, kama kuna aliyekuletea daftari ukamfukuza, na bado yu hai, mwendee kesho asubuhi. Usingoje sanduku.