Ukiachia, Umemaliza

Benchi la pale kona ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nao umeegemea ukuta wa kinyozi. Upande wa kushoto hukaa Fundi Viatu na sanduku lake la nta, sindano na visigino. Upande wa kulia Mama Kahawa huweka jiko na birika. Katikati, tangu siku ile Stempu alipobebwa akiwa amelegea upande mmoja, kumefunikwa boksi la viatu, na chini ya boksi kuna ubao wa sataranji wenye mchezo ambao haujaisha. Stempu alikuwa karani wa masijala hadi alipostaafu, na jina hilo alilipata kwa namna alivyoweka kete: hakuiweka, aliigonga, ta, kama mtu anayepitisha barua. Sasa watu huketi pande zote mbili za lile boksi, wakimwachia nafasi, ingawa hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Asubuhi moja Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliligusa boksi kwa kidole.

— Fundi, hili tulitoe sasa. Dama tutachezea wapi, mapajani?

— Chezeeni mapajani, alisema Fundi. Hakuinua macho kutoka kwenye kiatu.

— Benchi ni la wote.

— Benchi ni la wote. Mchezo ni wa wawili. Ukilitoa boksi, unitoe na mimi.

Kinyozi alikuwa mlangoni anakung'uta taulo.

— Mwache, Breki. Ila na wewe Fundi, nikuulize kama ndugu. Umekwenda kumwona?

Fundi alivuta uzi mpaka ukakaza. Siku za kwanza alijiambia kwamba viatu vya watu vimerundikana. Baadaye akajiambia kwamba hospitali haiendewi mikono mitupu. Ukweli ni kwamba aliuogopa ule mkono wa Stempu. Alikuwa ameketi mbele yake ulipofunguka, na hakutaka kuuona tena umelala juu ya shuka.

— Nasubiri acheze, alisema. Anayecheza na mwenzake husubiri zamu ya mwenzake.

— Basi utasubiri sana, alisema Breki, kisha akajuta, akaomba kahawa ambayo hakuwa na hamu nayo.

Ndipo alipotokea binti wa Stempu, ambaye ni mshonaji, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Aliwaamkia wote kwa zamu, akakataa kahawa, akabaki amesimama.

— Baba mdogo, nimeufuata ubao.

Fundi aliweka kiatu chini.

— Anaendeleaje mzee?

— Haongei. Mkono wa kulia bado. Wa kushoto unashika kijiko. Muuguzi anasema tumpe kitu ambacho mkono unakijua, huenda ukajikumbusha. Nimempa kalamu, kaiangusha. Nimempa redio, kanigeuzia ubavu. Nikakumbuka ubao.

— Unajua kucheza?

— Sijui hata kete moja. Nilipokuwa mdogo nilimwomba anifundishe, akasema huo ni mchezo wa benchi. Nifundisheni, ili nikae mbele yake asicheze peke yake.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alilitundika taulo, akatoka nje akiwa na wembe wake mkononi. Fundi alilishika boksi kwa mikono miwili, akaliinua polepole kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Kete chache zilizobaki zilikuwa zimesimama pale pale. Zilizokwisha kuliwa zilikuwa ndani ya kopo la nta, na Fundi alizimimina kwenye goti lake.

— Kwanza, mwanangu, usiogope wingi. Wako wa aina sita tu. Wengine wote ni ndugu zao.

— Anza na lori, alisema Breki.

— Ngome, alisema Fundi.

— Kwenye vitabu ni ngome. Hapa ni lori. Umeona wapi ngome ikitembea? Hili linakwenda: mbele, nyuma, kulia, kushoto, umbali wowote, mradi njia ni nyeupe. Kona halikati. Likikuta mtu wake, linasimama. Likikuta adui, linamla na kukaa mahali pake.

— Huyu mwenye kichwa kilichochanwa ni mshazari, alisema Kinyozi, akaupitisha mgongo wa wembe hewani. Hukata pembeni, hivi, kama ninavyochonga nyuma ya sikio. Akizaliwa kwenye nyumba nyeupe, atazeekea kwenye nyumba nyeupe. Nyeusi ataziona tu.

— Maskini, alisema Mama Kahawa.

— Malkia anafanya kazi ya lori na kazi ya mshazari, alisema Fundi.

— Kama wanawake wote, alisema Mama Kahawa.

Binti alitabasamu kidogo, akajivuta, akaketi ukingoni mwa benchi. Fundi akaona kwamba alitabasamu kwa upande mmoja, kama baba yake.

— Na farasi?

— Farasi anakwenda nyumba mbili, kisha anageuka moja. Sogeza kidole. Moja, mbili, geuka. Hivyo. Ni yeye peke yake anayeruka vichwa vya watu. Wengine wote wakizibiwa njia, wanangoja.

— Na hawa wadogo?

— Vibarua, alisema Breki. Wanakwenda mbele tu, nyumba moja moja. Siku ya kwanza ya kazi wanaruhusiwa mbili, kwa sababu bado wana nguvu. Hawarudi nyuma hata iweje. Na jambo lao la ajabu, wanakwenda wima ila wanakula kwa pembe. Adui akisimama puani, kibarua hamwezi.

— Akifika mwisho wa ubao je?

— Anapandishwa cheo. Anakuwa malkia pale pale, alisema Fundi. Baba yako aliwapenda hawa kuliko wote. Alisema ni mahali pekee alipoona cheo kinatoka bila mtu kujuana na mtu.

— Huyu mrefu ni mfalme.

— Ndiye. Hatua moja moja, upande wowote.

— Kama mgonjwa, alisema Breki.

Birika lilichemka. Breki aliitazama miguu yake. Binti alimwonyesha mfalme kwa kidole.

— Naye huliwa vipi?

— Haliwi, alisema Fundi.

— Hata kidogo?

— Wengine wote huliwa. Yeye hutishwa, na ukimtisha unamwambia mwenzako, "Mfalme." Hapo ni lazima amtoe hatarini: amkimbize, au amkinge, au amle anayemtisha. Akikosa njia zote tatu, mchezo umesimama hapo. Hakuna anayemgusa. Baba yako hakuwahi kumlaza mfalme wangu. Alikuwa ananiachia nimlaze mwenyewe, kukubali kwamba nimeshindwa.

Binti aliutazama ubao muda mrefu. Alikuwa na macho ya mtu anayepima nguo kwa jicho kabla ya kutoa futi.

— Sasa huu mchezo wenu, zamu ni ya nani?

Fundi alifungua kinywa.

— Ni ya... alianza Kinyozi.

— Yake, alisema Fundi.

— Yako, alisema Breki papo hapo.

Walitazamana. Kumbe siku zote hizo walikuwa wameketi pembeni ya boksi lile lile na kila mmoja alikuwa na mchezo wake chini yake.

— Ngoja nikueleze, mwanangu, alisema Fundi. Mimi nilisogeza mfalme. Kisha yeye akamshika farasi. Sheria ya benchi hili aliiweka yeye mwenyewe: ukishika, umepeleka, ukiachia, umemaliza. Akawa amemwinua, anamleta. Huku juu pana kibarua wake, amebakiza nyumba moja apandishwe cheo. Lori langu limemzibia mbele. Basi akamleta farasi mpaka hapa, na mkono ukafunguka. Farasi akasimama wima. Ndio huyu. Hatujamgusa.

— Basi aliachia, alisema Breki. Sheria ni sheria. Zamu yako, Fundi. Na ungekuwa na macho, lori lako linamla yule kibarua sasa hivi, maana farasi hapo hamlindi.

— Ndiyo maana nasema hakuachia, alisema Kinyozi. Stempu amwache kibarua wake mlangoni pa cheo, bila mlinzi? Hajawahi. Hapa farasi alikuwa anapita tu. Mkono ndio ulioachia, si yeye.

— Mkono ni wake.

— Siku ile haukuwa wake.

— Gari likizimika mlimani, alisema Breki, limefika halijafika, lipo pale lilipo. Polisi akija atapima pale pale.

— Breki, huyu ni mtu.

— Najua ni mtu. Ndiyo maana nasema. Stempu hafanyi kitu bila kukusudia. Alijiona anakwenda, akaiachia zamu upande huu makusudi, ili Fundi abaki nayo.

— Mtazameni farasi uso, alisema Kinyozi, naye sasa akiwa amepandwa na mori. Amemgeukia Stempu. Farasi aliyemaliza kazi humtazama adui. Huyu anasubiri amri.

— Farasi wa mbao ana amri gani?

— Swali ni moja, alisema Mama Kahawa. Aligonga? Maana akimaliza hugonga. Mimi nilisikia ta.

— Ulisikia mfuniko wa birika lako.

— Nilisikia ta, Breki. Miaka yote namsikia.

— Pikipiki ilikuwa inapita, alisema Kinyozi. Hakuna aliyesikia kitu.

Wakamgeukia Fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Fundi alifumba macho akausikiliza ule wakati. Aliiona mikunjo ya vidole vya rafiki yake, aliuona mkono ukifunguka. Sauti haikuwepo. Alipouona mkono umefunguka alikuwa ameshainua macho kumtazama usoni, na kuanzia pale hakuona tena ubao.

— Sijui, alisema. Nilikuwa namtazama yeye.

— Sote tulikuwa tunamtazama yeye, alisema Kinyozi taratibu.

Binti aliizungusha futi yake kidoleni, akaikunjua.

— Nimeuliza kwa sababu ya kitu kimoja. Pale wodini kitanda chake kiko karibu na dirisha, lakini hatazami nje. Anatazama mlango. Nikiingia mimi ananiangalia, halafu anarudisha macho mlangoni. Nilidhani ana maumivu ya shingo. Leo ninyi mmenieleza huu mchezo, nikawaza labda yeye anajua ameshacheza.

Mama Kahawa alikuwa ameinua birika ili amwongeze Breki, akalirudisha jikoni bila kumimina.

Fundi alikusanya kete zilizoliwa kutoka kwenye goti lake, akazirudisha koponi moja moja. Akachomeka sindano kwenye nta. Akafunga sanduku la kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya jua kuvuka barabara, akamkabidhi Kinyozi kile kiatu chenye kisigino nusu.

— Mwenyewe akija mwambie kesho.

— Unakwenda wapi?

— Kama zamu ni yake, nitakaa tusubiri wote.

— Na kama ni yako? aliuliza Breki.

Fundi alichukua muda kusimama; magoti yake hayapendi haraka.

— Basi nimemchelewesha sana.

Walijaribu kwanza kuufunika ubao na lile boksi, lakini boksi lilicheza, likataka kumwangusha farasi. Wakaliacha. Binti akashika upande mmoja, Fundi upande mwingine, ubao ukakaa sawa kama maji kati yao. Breki alitangulia barabarani bila kuombwa, mkono juu, akisimamisha pikipiki na mikokoteni kama zamani alivyokuwa akirudisha nyuma lori lenye mzigo wa vioo.

— Taratibu, alikuwa anawaambia watu. Taratibu, kuna mtu anasubiri.

Kinyozi alibaki mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, akiwatazama mpaka walipokata kona. Walikwenda hatua moja moja. Kete zote zilikuwa bado zimesimama.