Mwalimu Fidelis Kobelo na Kombora la Babu Yetu

Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu, na wazee wote shikamooni. Mimi ni Regina, mdogo wake marehemu, wengi mnanijua kwa karoti na nyanya zangu pale Mwembesongo, na familia imeniteua kuisoma historia hii kwa sababu, walisema, sauti yangu haihitaji spika. Karatasi niliyopewa na wajomba ilimalizia kwa kusema kwamba kaka yangu aliugua ghafla akafariki, basi, nukta, lakini wifi yangu Irene, mjane wa marehemu, aliikataa karatasi hiyo, akasema mtaani wameshasema mengi, eti Mwalimu alikuwa akificha bomu, eti alifuga jini la chuma, kwa hiyo leo isomwe yote. Nami nimeiandika upya na nitaisoma yote, na mwenye kukasirika atanikuta hapahapa baada ya maziko.

Marehemu Fidelis Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, hapa Matombo, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Gervas na marehemu mama yetu Scholastika, akabatizwa katika kanisa la misheni, akakulia katika nyumba ya ukoo wa mama kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Nyuma ya mlango wa nyumba hiyo kulikuwa na kombora la mzinga, refu kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko hadi vidoleni, zito, lenye ncha, na habari zake kila mtoto wa nyumba ile alizijua kabla hajajua sala. Babu yetu mzaa mama alikamatwa kijana wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akafanywa mpagazi, akabebeshwa makombora kichwani kuipanda milima hii, wenzake wakianguka njiani kwa njaa na homa wakiachwa hapohapo, hadi alfajiri moja alipoingia msituni na mzigo wake akapotea. Vita vilipokwisha alilichomoa kombora kwenye ganda lake la shaba, baruti iliyokuwa ndani ya ganda akaimwaga mtoni, ganda akampelekea mhunzi likawa bangili za bibi, na kile kichwa cha chuma akakirudisha nyumbani akisema kwamba amelitoa utumbo, sasa ni jiwe tu.

Neno hilo la babu tulilirithi kama tulivyorithi shamba. Mama alizuilia mlango kwa jiwe lile upepo ukivuma, alipondea pilipili manga, na mimi ninayesoma hapa, jamani, nimelivunjia nazi, tena kwa nguvu zangu zote, nikiwa na mdogo wangu mgongoni.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya msingi hapa Matombo, akahitimu mwaka 1973, akaendelea na sekondari kule Kilosa kuanzia 1974 hadi 1977, na vita vya Kagera vilipotangazwa mwaka uliofuata alikwenda kujiandikisha jeshini, akaomba apelekwe kwenye mizinga na si mahali pengine. Walimpima, wakakuta jicho la kushoto halioni vizuri, wakamrudisha. Alirudi amevaa shati alilonunua kwa safari ya vitani, akakaa jikoni kwa mama akalia, mimi nilimwona, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kusoma habari za mizinga popote alipozipata, kwenye vitabu vya misheni, kwenye magazeti ya kufungia sukari, hata kwa askari waliorudi wakiwa hawataki kuulizwa. Kwa hiyo wanaosema kaka yangu alikuwa mtu wa silaha wajue kwamba hakuwahi kufyatua hata gobole la kufukuzia nguruwe.

Mwaka 1980 alijiunga na Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, akahitimu mwaka 1982, akapangiwa kufundisha historia huko Kilosa. Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Irene, binti wa wakulima wa viungo wa Kinole, baada ya uchumba uliokaribia kuvunjika, maana siku ya kujitambulisha badala ya kusifu iliki ya wakwe alianza kuwaeleza jinsi kuta za miji ya kale zilivyobomolewa, hadi mama mkwe akauliza pembeni kama kijana huyu amekuja kuoa au kuteka kijiji. Mungu aliwajalia watoto wawili, Eric na Mercy, na wajukuu wanne.

Mwaka 1993 mama yetu alifariki, na katika kugawana vitu vyake kaka hakutaka kitanda wala mbuzi, alitaka kombora la babu. Mwaka huohuo alihamishiwa Shule ya Sekondari Lukwele, Morogoro mjini, akapanda lori la ndizi, akalipakata lile kombora kutoka hapa hadi mjini, na barabara ya Matombo mnaijua wenyewe ilivyo, kila shimo linakurusha hadi ukashuhudia mbingu. Alipofika alilipaka mafuta ya nazi, akalisugua kutu, na kuanzia hapo likawa likisimama mezani kwake kila alipofundisha somo lililompa jina.

Mliosoma kwake mnalikumbuka somo hilo kuliko mimi. Alikuwa akianza na mwanzi mtupu na kokoto, anaeleza kwamba mizinga ya kwanza ilikuwa mitutu ya shaba ya kutupia mawe, mizito kiasi kwamba ilivutwa na ng'ombe jozi kwa jozi, kisha mawe yakawa mipira ya chuma kitupu, kisha wajuzi wakaitoboa mipira hiyo tumbo wakaijaza baruti na utambi ili ipasuke huko inakofika, kisha mtutu ukachongwa mifereji ndani ili kombora lizunguke na liende mbali bila kuyumba, kisha ikaja springi ya kuumeza msukumo wa nyuma, mzinga ukawa unapiga na kupiga tena bila kupangwa upya. Kila hatua, alisema, ni mtu kusogea mbali zaidi na yule anayemuua, mpaka ikafika siku ya kumuua asiyemwona, akarudi kula chakula chake cha mchana. Hapo ndipo alipolinyanyua kombora la babu na kulipitisha mkono kwa mkono, dawati kwa dawati, ili kila mtoto asikie kwa mikono yake uzito ambao mpagazi wa Kiluguru aliubeba kichwani.

Sasa tazameni, jamani, kaka yangu alijua kabisa, na alifundisha kila mwaka, kwamba kombora la zama zile lina vitu viwili, ganda lenye baruti ya kulisukuma, na kichwa chenye baruti yake yenyewe ya kupasuka. Babu alimwaga ya ganda. Ya kichwani hakuigusa, hakujua kama ipo. Lakini katika nyumba yetu babu alishasema ni jiwe, na nani angesimama akamkosoa babu aliyetoroka na mzigo wa Mjerumani? Elimu yote ya Kigurunyembe ilikaa nje, neno la babu likaingia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Likagongwa kwa rula ili darasa lisikie linavyolia. Likatumika kupigilia misumari ya kutundikia ramani ya Afrika. Mwaka 2004 binti mmoja wa kidato cha pili, Pendo, ambaye leo ni mama wa watoto watatu na amekaa pale karibu na wanakwaya, lilimponyoka likaanguka kwenye sakafu ya saruji, likaichimba, na adhabu aliyopewa, Mungu wangu, ilikuwa ni kufagia darasa wiki nzima kwa kuharibu sakafu ya serikali.

Marehemu alistaafu mwaka 2019, akalichukua kombora lake hadi nyumbani Mwembesongo, likawekwa sebuleni pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa alichokifuma wifi yangu mwenyewe, na wajukuu wakawa wakilivalisha kofia. Huko ndiko lilikokutwa tarehe 27 Desemba 2025, siku ya Jumamosi, alipokuja kumsalimia mwalimu wake Sajini Mikidadi, aliyesoma Lukwele, aliyelishika kombora lile kidato cha pili kama wenzake wote, na ambaye sasa kazi yake jeshini ni kutegua mabomu ya zamani. Alikaa, akapewa soda, akageuza kichwa. Wifi anasema hakupiga kelele, aliweka soda chini taratibu kama anayeweka yai, akasema shikamoo mwalimu kwa mara ya pili, akaomba kwa adabu kila mtu atoke nje, watoto kwanza, bila kufunga mlango kwa kishindo. Kaka alicheka, akamwambia Mikidadi kwamba lile limeshatolewa utumbo tangu enzi za babu, na Mikidadi akajibu kwamba mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha, utumbo wa hili uko kichwani, na kiwashio chake kile pale mbele, kizima. Kaka akatoka na ndala mguu mmoja.

Tarehe 29 Desemba wanajeshi walilichukua kwa utaratibu wao, wakalipeleka mbali na makazi ya watu, wakalilipua ndani ya shimo. Kaka aling'ang'ania aende, akaruhusiwa kusimama mbali nyuma ya kilima, mimi nikiwa pembeni yake nimemshika mkono. Loo! Ardhi ilitupiga nyayoni kabla masikio hayajasikia. Vumbi lilipotua tulionyeshwa shimo, ungeweza kumzika ng'ombe pale na mchungaji wake, na kaka yangu alilitazama, kisha akauliza chumba cha darasa kina mita ngapi kwa ngapi, kana kwamba hakuwa amekaa ndani yake zaidi ya robo karne.

Kuanzia siku hiyo hakula akashiba. Alikaa kwenye kiti akitaja majina, kidato kwa kidato, mkondo kwa mkondo, na kila jina akiuliza yuko wapi, mzima, ana watoto, na wifi yangu akijibu kadiri alivyojua. Tulimwambia Mungu alikuwa akiwalinda, hakuna hata mmoja aliyeumia, yaliyopita si ndwele, akasema Mungu alikuwa akifanya kazi ambayo ilikuwa yake yeye mwalimu. Tarehe 3 Januari presha ilipanda, akapata kiharusi, akakimbizwa hospitalini, upande wa kulia ukalala, maneno yakabaki machache, na machache hayo yote yalikuwa majina ya wanafunzi. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 8 Januari 2026, alimuuliza wifi kama wote ni wazima. Wifi akasema wote. Akamkazia macho, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anayebahatisha jibu, akamuuliza, umewaona? Kabla wifi hajajibu, kaka alikata roho. Hicho ndicho kilichomuua kaka yangu, si jini, na neno lake la mwisho duniani lilikuwa swali ambalo hakujibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, Sajini Mikidadi na wenzake, ambao bila wao huenda leo tungekuwa na majeneza mengi uwanjani hapa, majirani wa Mwembesongo, hasa mzee Kibwana aliyefungua ua wake kwa mtaa mzima siku ile wanajeshi walipowahamisha watu majumbani ili walichukue kombora, na hadi leo hajadai hata sufuria zake, walimu wenzake wa Lukwele, jumuiya ndogondogo, baba paroko, na ninyi mliopanda mlima huu katika tope hili. Na wewe ambaye nyumbani kwako kuna chuma cha zamani, kinazuilia mlango, kinapondea viungo, na babu yako alisema ni jiwe, babu yako namheshimu, lakini usikiguse, usikisogeze, toa watu nje uite serikali. Msizike mtu mwingine kwa jambo hili.

Hapa karatasi yangu imekwisha, lakini wifi yangu ameniomba jambo moja, na padri ameruhusu. Nimeambiwa wanafunzi wa Mwalimu mmekuja kutoka Dodoma, kutoka Dar, kutoka Mbeya, wengine mmelala njiani. Wewe ambaye uliwahi kulishika kombora lile darasani, mwaka wowote ule, naomba uinue mkono, uuinue juu kabisa, usione aibu, wala usiushushe upesi, nipate kutazama.

Mama yangu. Pendo, nimekuona. Wifi Irene, inuka mama, geuka nyuma, tazama mwenyewe, ni mpaka kule kwenye migomba, mpaka barabarani, na mikono yote hii, kila mmoja, una vidole vyake vyote. Kaka Fidelis, wifi amewaona. Pumzika kwa amani.