Mama Futi na Friji Lililoolewa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Afisa Ustawi Mwandamizi wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hadi walinzi wa getini wanamwita Mama Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia asiyotengana nayo. Atakabidhi meza, funguo za kabati na kiti kinachoinama kushoto. Futi hakabidhi. Aliinunua kwa fedha yake.

Alianza kama karani wa mapokezi, kisha akahamia kitengo chetu, kinacholinda mali za watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaosaidiwa na walezi kutumia fedha zao. Walezi wengi ni watu wa maana. Wale wengine walikuwa wakisikia hodi yake wanaanza kupanga maelezo. Hakufoka hata siku moja. Alipima tu kila kilichoandikwa kwenye ripoti: godoro, kabati, pazia.

Kesi tutakayoisimulia hadi na sisi tustaafu ni ya Kapteni, bwana wa miaka arobaini na miwili, mkunja maboksi wa karakana, asiyevua kofia. Mlezi wake, ambaye ni binamu yake, aliripoti kwamba posho ya Kapteni ya mwaka mzima imemnunulia friji la milango miwili. Mama Futi alikuta chumbani kitanda, stuli na ndoo. Akapima mlango: friji la aina ile lisingepita hata likigeuzwa ubavu. Binamu akaeleza bila kupepesa macho kwamba friji ni dhaifu kidogo, limepelekwa kwake kubadilisha hewa.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Kapteni. Mama Futi alivuta stuli, akamuuliza friji liko wapi.

"Limeolewa," akajibu Kapteni.

Kwenye kikao cha kamati watu walicheka hadi mwenyekiti akavua miwani. Mama Futi hakucheka. Alirudi kwa Kapteni kumuuliza nani kaoa. Kapteni alijua yote: binti wa binamu aliolewa Jumamosi, friji likapanda pikapu pamoja na bibi harusi, yeye akaambiwa apige makofi. Akaongeza kwamba siku ya kulinunua alibandika stika ya kasuku kwa nyuma, ili lisipotee.

Kasuku alikutwa palepale. Bwana harusi, mtu muungwana, hakujua lolote; alilirudisha friji mwenyewe kwa mkokoteni, mama mkwe wake akifuata nyuma na kulifunika shuka kwa aibu. Ilibidi fremu ya mlango ing'olewe. Binamu alivuliwa ulezi na kuamriwa alipe alivyochukua. Dada wa Kapteni ndiye mlezi sasa, na hakuna kinachonunuliwa kabla Kapteni hajaulizwa.

Mwezi uliofuata mkaguzi alilalamika kwamba Kapteni haweki chakula kwenye friji. Anaweka mashati, kwa kuwa anapenda kuvaa shati la baridi asubuhi. Mkaguzi akapendekeza friji apewe mwenye kulihitaji. Jibu la Mama Futi bado liko kwenye faili, sentensi moja: "Friji ni lake."

Asante, dada yetu, kwa kutufundisha kumuuliza mwenye mali. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na vikao, na wajukuu wengi wenye maswali.