Dada Yetu Aliyechagua Ukungu

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ukungu naye akaitika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, akiwa kifungua mimba wa baba yetu dereva na mama yetu mshonaji, akasoma msingi na sekondari bila kurudia darasa, na Septemba 1992 akaingia chuo kikuu kusomea biolojia, kwa sababu alama za udaktari zilimpita kidogo na baba hakutaka kusikia habari nyingine nje ya sayansi.

Mwaka wa tatu ulipofika wakati wa kuchagua tawi la kubobea, kila mwamba ngoma akavutia kwake, mhadhiri wa wanyama huku, wa mimea kule, naye akabadili fomu mara tatu hadi karani akamwambia, "Dada, fomu zimeisha, na mimi nimechoka." Ndipo siku moja akaweka punje ya mahindi iliyoota ukungu chini ya hadubini, akaitazama mpaka mtunza maabara akaja kumtoa, funguo mkononi, na kesho yake akachagua elimu ya kuvu, mwanafunzi peke yake darasa zima. Baba alisema, "Nimesomesha mtoto aje kutazama uozo?" wala hakuhudhuria mahafali ya 1995.

Januari 1996 aliajiriwa maabara ya ghala la nafaka, Agosti 1998 akaolewa na shemeji yetu fundi saa, wakajaliwa binti na mvulana. Juni 2004 alikataa kupitisha mahindi ya shule ya bweni, mkubwa wake akamfokea, akajikaza kisabuni, na vipimo vya pili vikaonyesha sumukuvu. Wiki ile baba alifika ofisini kwake na bakuli la karanga, akasema, "Mwanangu, nitazamie na hizi." Hakuomba radhi, na marehemu hakumdai.

Figo zilianza kumsumbua 2019, akachoka, tukachoka naye, hadi tarehe 11 Februari 2023, saa nne asubuhi, alipotutoka. Juma lile alimwambia bintiye, anayesoma biolojia, "Chagua mwenyewe, halafu uje uniambie, sitakasirika." Binti amejaza fomu jana, na ametuomba tusiseme aliandika nini, maana wa kwanza kuambiwa ni mama yake, leo kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpeleka kusafishwa damu, na wenzake wa maabara.

Umefanya kazi, dada, umechoka. Sasa pumzika kwa amani.