Kitanda cha Mninga

Mungu anisamehe, kitanda cha marehemu mke wangu nilikiuza. Alikuja bwana mmoja anayenunua samani kuukuu za mninga na kuzisafirisha ng'ambo, akakisifia mpaka nikajiona mjanja. Sasa binti yetu anaolewa, na ameniomba kitu kimoja tu: kitanda kama cha mama yake. Mimi ni seremala. Shule sikufika mbali, lakini mninga naujua. Nikinusa unga wake tu, namkumbuka mama watoto akinikung'uta shati mlangoni. Nimeusaka mpaka viatu vimelala upande, mbao hakuna. Juzi, baada ya sala ya alasiri, nikaketi na kahawa kwenye benchi la mbele ya karakana yangu. Wenzangu wa kila siku, Dobi na yule dereva mstaafu wa malori tunayemwita Gia, wakaanza kunitafutia sababu badala ya mbao.

— Mninga umeisha, Fundi, akasema Dobi. Wenzetu huko ng'ambo misitu yao wameifungia, hugusi hata tawi. Lakini vitanda bado wanavitaka. Sasa unadhani watakata wapi?

— Si serikali ilipiga marufuku magogo kutoka nchini? nikauliza.

Gia akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Magogo, ndiyo. Mbao je? Nimeyabeba mimi! Gogo linachongwa ubavu huu na huu, bandarini linaitwa mbao, hilo linapita.

— Na ndege wamo humohumo, akadakia Dobi.

— Ndege gani tena?

— Hondohondo! Si wanataga kwenye mapango ya miti mikubwa? Mti unapakiwa na mayai yake. Ndiyo maana asubuhi siku hizi unaamshwa na pikipiki.

— Dobi, unatupiga kamba.

— Na nyuki je? Wewe asali ya kweli umeilamba lini?

Gia hakukubali kushindwa. Akasogea, akashusha sauti kama anatoboa siri ya nchi.

— Sikilizeni. Hawautumii wote. Wanauzamisha baharini, mninga hauozi upesi. Wanangoja wa kwetu uishe kabisa, halafu watuuzie.

— Wameshaanza! Dobi akapiga paja. Zile kabati za dukani, zinazovimba ukizimwagia chai, unadhani ni nini? Pumba za mninga wetu, zimegandishwa kwa gundi!

— Na mkaa wa pasi yako, mzee, ulikuwa mti gani? Gia akamuuliza.

Dobi akakitazama kikombe chake. Nami nikainamia changu, maana kile kitanda nilikifungua mwenyewe, kipande kwa kipande, nikamsaidia yule bwana kupakia.

Hapo akafika mkwe wangu mtarajiwa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, bwana harusi! Gia akamtania. Umekuja kukagua kitanda? Utalala kwenye jamvi wewe!

Kijana akatabasamu kidogo, akachuchumaa mbele yangu.

— Baba, mwenzangu jana alilia. Anasema hadai tena, lakini alilia. Sasa kwenye shamba la marehemu bibi yangu imebaki miti mikubwa michache. Nielekeze nikautafute mninga. Majani yake yakoje?

Nikafungua mdomo. Rangi ya mbao yake naijua, uzito wake, jinsi unavyopokea randa, harufu yake hata nikiwa nimefumba macho. Majani?

— Dobi?

— Mimi nafua nguo, bwana.

— Gia, wewe umeubeba miaka yote.

— Nilikuwa naukuta umeshalazwa.

Mti huu umenilishia watoto, umenilaza na mke wangu, na sijawahi kuuona umesimama. Nikaona haya mbele ya kijana, na zaidi mbele ya Muumba aliyeuotesha.

— Mwanangu, nikamwambia, miti ya bibi yako iache, kitanda nitachonga cha mkaratusi. Mkeo nitamwomba radhi mwenyewe, na nitamweleza cha mama yake kilikokwenda.

Kahawa ilikuwa imebaki machicha. Hakuna aliyeagiza nyingine.

Sasa nakuomba wewe unayenisikiliza: kama kwenu kuna mninga uliosimama, wenye majani yake, nipeleke nikauone. Msumeno nitauacha nyumbani.