Mama Springi na Miguu ya Mbele ya Gari la Wakunga

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Springi atavua ovaroli ya karakana yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali hii. Mimi, mkuu wa kitengo cha injini, nimeombwa niandike machache juu yake kwa ajili ya jarida hili. Naandika kwa furaha, na pia kwa sababu kuna jambo nimekaa nalo moyoni miezi minne na nataka nilitue.

Hakuajiriwa kama fundi wa magari. Alianzia chumba cha kufulia, akisukuma matoroli ya mashuka yaliyokuwa yakivuta upande. Siku moja aliyapindua, akayafungua magurudumu na kuyafunga upya, na matoroli yakaenda yamenyooka. Mkuu wa karakana wa wakati huo alipoyaona alimwomba kwa wafuaji, na wafuaji wakanuna mwezi mzima. Tangu hapo shughuli yake imekuwa miguu ya magari: springi, shokapu, boljointi na kila kinachobeba uzito wa gari na kulishika barabarani.

Hupimia kwa utepe wa fundi cherehani aliourithi kwa mama yake, na huuvaa shingoni kutwa. Karani mmoja mgeni aliuona, akamletea suruali ipunguzwe. Mama Springi hakumsahihisha. Alimpima, akajaza vipimo kwenye fomu ya matengenezo, na suruali ikakaa foleni siku tatu nyuma ya gari la wagonjwa. Karani huyo ndiye aliyeshughulikia faili lake la kustaafu, na nasikia alilimaliza haraka kuliko faili lolote.

Ana ukali wake. Ukiwasha redio kwenye gari analolisikiliza, ataizima bila kuuliza ni ya nani. Na ana sheria moja: anayesaini kwamba kazi imekamilika ndiye anayekaa kiti cha mbele gari linapojaribiwa. Sheria hiyo imewafanya mafundi wengi wakumbuke ghafla kwamba kuna nati hawajaikaza.

Sasa nije kwenye gari la wakunga. Injini yake ya petroli ilikufa mwanzoni mwa mwaka, ikaamuliwa tuweke ya dizeli iliyotoka kwenye lori dogo lililokwisha. Kazi hiyo niliifanya mimi, na niliifanya vizuri. Lakini dizeli ile iliizidi ya zamani kwa karibu kilo tisini, na gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, pua yake ilizama vidole vitatu. Wakunga walikuwa wamekaa wiki tatu bila usafiri, na wajawazito wa vituo vya bondeni walikuwa wakiwasubiri. Mmoja wa wakunga hao ni dada yangu, na alikuwa akinipigia simu kila asubuhi. Nikapachika vipande vya mpira katikati ya mikunjo ya springi. Pua ikainuka. Nikalizungusha gari mjini siku nzima, nikasaini.

Mama Springi alilizunguka mara moja, akapima kwa utepe wake, vipimo vikawa sawa. Kisha akaiminya boneti kwa mikono miwili, akasikiliza, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mbele ya watu kwamba amebakiza miezi minne na asitafute sifa kwa mgongo wangu. Alinijibu kwa upole uliozidi kuniudhi:

"Injini umeiweka vizuri, mdogo wangu. Ila miguu hukuiambia kwamba mgeni ni mzito."

Nilikwenda kumshtaki kwa mkurugenzi. Nikarudishwa na jibu kwamba kwenye miguu mwenye kauli ni fundi wa miguu, na kwamba amepewa siku tano. Niliporudi alikuwa ameshalipandisha gari kwenye jeki. Alipofungua upande wa kushoto, boljointi, kile kiungo kinacholishika gurudumu, ilichomoka mkononi mwake kama jino la mtoto. Mpira wangu ulikuwa umeinyanyua pua tu. Kila shimo la barabarani lilikuwa likigonga moja kwa moja kwenye viungo vilivyochoka. Na barabara ya bondeni ina kona saba. Nilikaa juu ya tairi. Hakuniuliza kitu. Aliniambia nimshikie taa.

Kwanza alilipeleka gari kwenye mizani ya bohari na kupima magurudumu ya mbele peke yake, ili ajue mzigo wenyewe. Akaagiza springi nene zaidi. Jozi ya kwanza ilikuwa ngumu mno, gari likawa linarukaruka uani. Akaifungua yote na kutafuta nyingine. Akabadilisha shokapu, bushi za kwenye viungo na boljointi pande zote mbili, akanyoosha magurudumu, akarekebisha taa. Siku ya tano alishika usukani tukateremka bondeni, mimi kiti cha mbele kama sheria inavyotaka. Kwenye kona ya nne mkokoteni wa matofali ulitukatizia. Alikanyaga breki, gari likasimama limenyooka, pua haikuinama. Niligundua nimeushika mlango kwa mikono yote miwili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa yote ya kicheko.

Kwenye ripoti aliandika kwamba miguu ya mbele imeimarishwa ilingane na injini mpya. Vipande vya mpira hakuvitaja, wala hajawahi kunitania navyo, yeye anayemtania kila mtu.

Jarida hili hubandikwa kwenye chumba cha wakunga, kwa hiyo dada yangu anayasoma haya kwa mara ya kwanza. Dada, umeshuka bondeni mara thelathini tangu siku ile, na mara zote thelathini umerudi. Uliponishukuru kwa gari, nilinyamaza nikapokea. Shukrani zile hazikuwa zangu.

Mama Springi, karakana nzima inakuombea afya, utulivu na miaka mingi ya kuamka unapotaka. Ijumaa dada yangu atakuja uani kukutafuta. Najua ukisifiwa hujitia shughuli chini ya gari. Safari hii tafadhali toka, mwache akushukuru.